Kitambaa cha Kichwa cha Faridah

Alhamisi asubuhi Mama Faridah alichutama uani kwake, nyuma ya soko la Kasongo, akifua nguo za wiki nzima. Alipofika kwenye kitambaa cha kichwa cha binti yake mkubwa, kile cheupe alichokuwa amekivaa jana alipoanguka kifafa karibu na kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, aliona kina doa. Akapaka sabuni, akasugua. Doa halikutoka. Akajaribu majivu na ndimu, likazidi kukolea. Mwisho akakitandaza kitambaa juani, akakitazama vizuri, akaona si doa. Ni ubongo.

Ulikuwa ubongo mzima, umekatwa vipande vyembamba kama mtu anavyokata kitunguu, vipande vimepangwa mistari kwa mistari kuanzia taya mpaka utosi. Upande mmoja paliandikwa herufi G, ya kushoto, upande wa pili D, ya kulia, maana hata maajabu ya Kongo hufuata Kifaransa cha serikali. Mama Faridah hakusoma Kifaransa, lakini pembeni palikuwa na picha moja iliyopigwa kutoka ubavuni, na ile pua aliitambua. Ilikuwa pua ya marehemu mume wake, na katika watoto wake aliyeirithi ni Faridah peke yake.

"Haya, na hiki nacho," akasema, akakianika kati ya shuka na kanzu.

Kasongo hakuna mashine ya kupiga picha ya ubongo. Iko katika miji mikubwa, na mtu wa Kasongo akitaka kuifikia atapanda pikipiki, kisha mtumbwi, kisha gari la mizigo, na siku atakayofika ubongo wenyewe umeshachoka. Kwa hiyo picha ilipokuja yenyewe mpaka uani, watu waliona ni sawa tu. Majirani walikuja wakakitazama kitambaa, wakauliza kama rangi yake inachuja, wakaomba chumvi, wakarudi kwao.

Faridah alikuwa mwanamke mzima, mrefu, mwenye mikono ya fundi. Kazi yake ilikuwa kudarizi kofia. Siku ya Ijumaa nusu ya wanaume walioinama msikitini waliinama na kofia za Faridah, na hata mmoja hakuwahi kusema kofia inaambukiza. Kilichoambukiza ni mate. Jambo hilo lilijulikana Kasongo, lilijulikana Kabambare, na huko Lusangi hata watoto walilijua kabla ya kujua kuhesabu: mwenye kifafa akianguka hutoa povu, na povu likigusa chakula, ugonjwa unahamia kwa mwingine. Ndiyo maana Faridah alikuwa na sahani yake, ya bati, yenye ukingo wa kijani, na kijiko chake, na msumari wake ukutani wa kuitundika. Wenzake wakizunguka sinia, yeye alikula mlangoni. Aliiosha mwenyewe. Hakuna aliyempigia kelele wala kumtukana. Walimtenga kwa upendo kabisa, na mara nyingi walimwekea mnofu mzuri.

Mdogo wake, Faida, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kabambare aitwaye Djamali, na ndoa ilipangwa baada ya mavuno ya mpunga. Siku moja wakichambua mchele, Faridah alimwambia mdogo wake neno alilokuwa amelikalia muda mrefu.

"Faida, siku ya ndoa yako nataka kula na nyinyi kwenye sinia. Zawadi sitaki, nguo sitaki. Nataka kula na nyinyi."

Faida aliacha kuchambua. Alimpenda dada yake, na alikuwa mwoga. "Dada, mimi sina neno. Uliza Shangazi."

Shangazi Safia, dada wa marehemu baba yao, ndiye aliyekuwa akiamua mambo ya nyumba ile. Aliuza vikwembe, yaani vitenge, sokoni, alikuwa na sauti ya kusikika mpaka kwa wauza samaki, na katika ndoa zote za ukoo yeye ndiye aliyechagua kikwembe ambacho wanawake wote wangevaa. Alipoulizwa habari ya sinia, alisema lisubiriwe neno la mwenye kujua.

Mwenye kujua wa karibu alikuwa Nathanaël, muuguzi wa zahanati, ambaye kila mtu alimwita Dokta kwa sababu ya koti. Nathanaël alikuja, akakishika kitambaa kwa ncha mbili, akakiinua kuelekea jua.

"Hii njo wanaita IRM, ile picha ya mashine ya ndani ya kichwa," akasema. "Niliionaka siku tulienda kwenye mafunzo."

"Na inafuliwa?" Mama Faridah akauliza.

"Ile ya kwao haifuliwi, mama."

Mama Faridah aliridhika. Nathanaël akaeleza kwamba mtu wa kwenye picha anakutazama uso kwa uso, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwako. Wanawake walibishana juu ya hilo mpaka adhuhuri, na mmoja akalala chali juu ya mkeka ili wapime. Nathanaël mwenyewe alikiri kwamba kusoma ndani kabisa hawezi. Lakini alijua kwamba Daktari Raphaël, bingwa wa ubongo, angepita wiki zijazo akielekea Wamaza kwenye matanga ya mjomba wake, maana hata bingwa wa ubongo ana mjomba. Wangemngoja huyo.

Wakati wakimngoja, Faridah alianguka tena, na tena. Kitambaa cha pili kilitoka na rangi, nyekundu na njano, na kipande cha buluu upande wa G. Cha tatu kilikuwa kizuri kupita vyote: nyuzi nyembamba za kijani, za buluu, za zambarau, zimetoka chini ya ubongo na kutawanyika juu kama matawi ya mto. Mama Faridah alivifua vyote, akavipiga pasi. Wanawake wa sokoni walianza kupita uani bila sababu. Mmoja aliuliza kama Faridah anaweza kuangukia kitambaa cha njano.

Daktari Raphaël alifika akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Walimpa maji, wakampa chai, wakamtandikia vitambaa juu ya mkeka. Alivaa miwani, akavitazama muda mrefu, kisha akavua miwani.

"Picha safi," akasema. "Kule kwetu mashine inataka mutu atulie kabisa, akijitikisa kidogo tu imeharibika. Hii inataka ajitikise. Si mbaya."

Akawaonyesha kwa kidole. Huku upande wa D, ndani sana, palikuwa na kinyama kidogo kilichojikunja kama haragi, punje ya maharagwe, kimejaa vizuri. Upande wa G haragi lile lilikuwa limesinyaa, limekuwa jeupe. Akachukua kitambaa cha rangi. "Ubongo unakula sukari. Penye nyekundu, unakula vizuri. Hapa penye bluu, unakula kidogo sana."

"Kumbe na huko ndani kuna mwenye kula pembeni," Faridah akasema, na alicheka peke yake.

Daktari alimgeukia Mama Faridah. "Alipokuwa mudogo, aliwahi kushikwa na homa kali, akatetemeka muda murefu?"

Mama Faridah akasema ndiyo. Walikuwa Wamaza, kwenye shamba la kaka yake. Mtoto alikuwa hajaanza kusema vizuri. Malaria ilimpanda asubuhi, akatetemeka mpaka jua likawa la utosi. Zahanati ilikuwako, lakini dawa haikuwako, na mvua ilikuwa imekula njia. Alimbeba mgongoni akitembea, na mgongo wake mwenyewe ukatetemeka naye.

"Basi, hili njo kovu la siku ile," daktari akasema. "Si jini, si mate, si povu. Kovu haliambukizi, mama. Mutu anaweza kula naye sahani moja toka leo mpaka kiyama."

Wote wakaitika. Shehe Moussa, aliyekuwa ameitwa kushuhudia, aliinamia kitambaa, akakagua kila kipande, akasema jini hayuko. Angekuwako angeonekana, maana picha imefika mpaka ndani ya mfupa. Mganga wa mtaa wa pili naye alitazama, akasema jini alikuwa ametoka kidogo. Lakini hata yeye hakumbishia daktari. Shangazi Safia alimsifu daktari kwa elimu yake na kuwaombea dua wazazi wake. Kisha chakula kikaletwa. Wanaume wakapewa sinia lao, wanawake lao, na Faridah akapewa sahani ya ukingo wa kijani.

"Shangazi," Faridah akasema taratibu, "daktari amesema."

"Amesema, mama. Na amesema vizuri sana," Shangazi akajibu, akamwongezea mchuzi.

Daktari Raphaël alikula, akashukuru, akaomba kitambaa kimoja cha kuwaonyesha wenzake, akaahidi kutuma dawa kwa Nathanaël: kidonge asubuhi, kidonge jioni, bila kukosa. Akapanda pikipiki kwenda kumlilia mjomba.

Sasa, vikwembe vya ndoa ya Faida vilikuwa vinatoka Uvira, na lori lililovibeba lilikwama kwenye tope mahali ambapo hata dereva hakupajua jina. Wiki zilipita. Mpunga ulivunwa, ukapurwa. Wakwe wa Kabambare walituma salamu kwamba wao wako tayari. Shangazi Safia, ambaye hajawahi kuvalisha ukoo wake nguo iliyowahi kuonekana kwenye ndoa ya watu wengine, alikuwa halali. Katika duka lake alikuwa amebakiwa na jora moja la kitambaa cheupe, zito, la pamba safi. Alilitazama jora lile, akavitazama vitambaa vya Faridah kwenye kamba, akavitazama tena.

Siku hiyo hiyo Nathanaël alileta dawa. Zilikuwa zimefika salama, kwenye mkoba wa mtu wa pikipiki. Shangazi alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka chini, akamwita Faridah chumbani.

"Faridah, mama yangu. Dawa haiozi," akaanza. "Ungoje kidogo tu. Uanguke mara moja, ya mwisho, jora likiwa chini ya kichwa. Tupate zile za nyuzi. Ndoa ikipita utakunywa vidonge vyako mpaka uzeeke."

Faridah alikuwa na sindano mkononi na kofia magotini. Alishona pindo moja mpaka mwisho ndipo akasema, "Na sinia?"

"Sinia gani?"

"La ndoa. Nitakula na nyinyi."

Shangazi alimshika shavu. "Nani atakukatalia, na sisi wote tumevaa kichwa chako?"

Nathanaël aliposikia alikasirika, na alikasirika waziwazi, mbele ya mama na shangazi. Alisema kila kuanguka ni hatari, mtu anaweza kuanguka asiamke, na picha si batiki. Wanawake walimsikiliza kwa adabu. Faridah ndiye aliyemjibu.

"Dokta, niachie. Kuanguka ninakujua, tumezoeana. Sahani ile njo imenishinda."

Nathanaël alizirudisha dawa kwenye kabati la zahanati, akafunga kwa ufunguo, na siku ile hakumsalimia mtu njiani.

Basi wakangoja, na kifafa, ambacho kilikuwa kimezoea kuja bila kuitwa, sasa kilipoitwa kikaringa. Faridah alitembea na jora begani kama mtu aliyetumwa. Akienda kisimani, jora. Akienda kupokea uzi, jora. Majirani walimwuliza kwa upole, "Bado?" naye akajibu, "Bado." Wanawake ambao zamani walivuka njia wakimwona anayumba, sasa walimfuata nyuma kwa matumaini. Walimletea maji ya kunywa. Walimsifia kofia. Faridah hakuwahi kupendwa vile, na hakuna haja ya kuficha: alifurahi.

Kikaja Jumapili, Wakristo wakitoka misani. Alikuwa karibu na kisima alipoanza kutafuna hewa. Shangazi Safia alipiga mbio kuliko mwili wake ulivyomruhusu, akalisukuma jora chini ya kichwa. Kulikuwa kuanguka kurefu kuliko kote. Faridah alijiuma ulimi, akavunja jino la pembeni, midomo ikawa ya rangi ya majivu, na kwa muda fulani Mama Faridah aliamini kwamba mtoto wake hatarudi. Alipiga magoti pale kwenye matope akiita jina lake. Kisha mwili ukalegea, pumzi ikarudi, Faridah akalala kwa ubavu na kukoroma.

Shangazi alilifungua jora pale pale. Picha ilikuwa imepenya mikunjo yote, toka wa kwanza mpaka wa mwisho. Nyuzi za kijani, za buluu, za zambarau, kila mahali, na penye kila ubongo, upande wa G, palikuwa na lile haragi jeupe, dogo, safi. Vigelegele vikapigwa kisima kizima. Hata waliotoka misani walipiga. Mama Faridah hakupiga. Alikuwa akimfuta mwanawe damu mdomoni kwa pindo la nguo yake, na roho ilimuuma.

Ndoa ilifana. Wakwe walikuja toka Kabambare kwa pikipiki zilizofungwa riboni, na kabla ya kusalimia waliuliza kikwembe kile kimetoka wapi. "Cha hapa hapa," Shangazi Safia akajibu, kwa sauti ya kufika kwa wauza samaki. Wakwe wanawake nao walikuwa wamewekewa vitambaa vya kichwa, wakavifunga wakijitazama kwenye simu. Mgeni mmoja wa Nyangwe alisema zile nyuzi zinamkumbusha mto mkubwa ukiutazama toka juu ya kilima. Shangazi wa Djamali alikifunga cha kwake kwa ufundi, fundo nyuma, haragi jeupe likakaa katikati ya paji la uso.

Faridah alikuwa amevaa kama wote. Alikuwa amenawa mikono mapema, akanawa tena. Sinia la wanawake lilipowekwa, wali wa Kasongo umepanda kama kichuguu, nyama ya mbuzi juu yake, alikaa kwenye mkeka kati ya binamu zake wawili. Binamu zake walimtabasamia, wakasogea. Walisogea kidogo, halafu wakasogea tena.

Shangazi Safia akaja toka jikoni na sahani ya ukingo wa kijani. Ilikuwa imefunikwa kwa heshima, kwa kipande cha jora lile lile.

"Nimekuwekea ya mfupa, yenye unapenda," akasema.

"Shangazi, ulisema nitakula hapa."

"Nilisema, mama, na ningali ninasema. Lakini wageni hawa hawakumsikia daktari."

Faridah alimtazama shangazi wa Djamali. Yule mama alirekebisha fundo la kitambaa chake na kutabasamu kwa huruma ya kweli. "Sisi hatuna neno, mutoto wangu. Ni desturi tu."

Faida, bibi arusi, aliinua macho, akamwona dada yake, akayateremsha. Faridah akachukua sahani yake, akaenda mlangoni. Pale alipokaa aliwaona wote vizuri. Waliinama pamoja juu ya wali, vichwa vikagusana, na kichwa chake yeye kilikuwa kimezunguka sinia lile pande zote, kikiinama, kikiinuka, kikila. Alitaka kulia, akawa ana njaa, akala kwanza.

Kabla wageni hawajaondoka, yule wa Nyangwe alimvuta Shangazi Safia pembeni. Kwao kulikuwa na ndoa mwezi ujao, na walitaka zile za nyuzi. Shangazi alikuja mlangoni mbio.

"Waambie wangoje lori la Uvira," Faridah akasema. Akainuka, akamfuata Nathanaël mpaka zahanati akiwa na nguo zake za ndoa, akameza kidonge cha kwanza mbele yake.

Vidonge vilifanya kazi yake. Mwezi ukapita bila kuanguka, ikapita miezi, ukapita msimu wa mvua mzima. Vitambaa vya Faridah vilibaki vyeupe, na watu wa sokoni wakaanza kusema kwamba amekuwa mchoyo. Nathanaël alipita mara mbili kuwakumbusha kwamba haanguki tena, povu halipo tena, na hata lilipokuwapo halikuwa na kosa. Walimkubalia mara zote mbili.

Na siku ya Idi, Faida na Djamali wakiwa wamekuja na mtoto wao mchanga, sinia liliwekwa uani. Mama Faridah, aliyempenda mwanawe kuliko wote, alikwenda ukutani, akaitoa sahani kwenye msumari. Ilikuwa na vumbi kidogo. Akaifuta kwa kile kitambaa cha kwanza, cha vipande na ile pua, ambacho kilikuwa kimechakaa kikawa tambara la jikoni. Akaifuta taratibu mpaka ukingo wa kijani ukang'aa. Akapakua wali, akachagua mnofu, akaita, "Faridah, mama, njoo ule, kingali cha moto."